Usinipigie Magoti Kesho

Mshangano, Songea
Jumamosi jioni

Mwanangu Agnes,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua utaitikia, hata kama kwa kununa.

Umekwenda jumuiya kuaga, na mama mdogo Salome amekusindikiza kwa sababu mimi ndiye niliyemtuma. Nilitaka nyumba iwe tupu nikuandikie. Ana kwa ana nimeshindwa. Tangu niliporudi kutoka hospitali, nikianza kusema tu unainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo ni visafi. Basi nimesogeza vitambaa vya watu pembeni, nimeweka karatasi juu ya meza ya cherehani, na barua hii nitaitia kwenye begi lako, lile ulilolifungua juzi ukatoa nguo zote. Nguo nimezirudisha mwenyewe, na nimezikunja vizuri kuliko ulivyozikunja wewe.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala kuchomeka neti. Wewe ni mwalimu, watoto wa Tunduru wanakungoja, hayo unayajua. Nataka kukuandikia habari ya kichwa changu na miguu yangu, maana mpaka sasa sijapoa. Nikikaa kimya kidogo tu, mwili unanisisimka upya. Nimeishi na kisukari tangu ukiwa darasa la saba, nimekaa nacho nikidhani tunafahamiana, kumbe nilikuwa nafahamiana na jina lake tu.

Tuanze na Jumapili, maana wewe umebaki na kipande kimoja cha siku ile na hicho ndicho kinachokutafuna. Tulikuwa tunakuaga. Watu wamejaa uani, wali uko jikoni, Babu yako ameshuka kutoka Madaba na fimbo yake na malalamiko yake. Mimi toka asubuhi kichwa kilikuwa kizito. Nilikuambia, ukaniletea togwa, nikanywa bilauri mbili. Kila saa nakwenda chooni, nikasema ni baridi. Babu alipokaa kwenye benchi nikaenda kumsalimia inavyotakiwa, nikapiga magoti. Unamjua Babu yako. Ukimpa shikamoo anapokea, halafu anaanza kuuliza. Akauliza kuku, akauliza mahindi, akauliza kwa nini jirani amejenga ukuta, na mimi nimo chini, magoti kwenye mchanga, naitikia kila kitu. Alipomaliza nikainuka haraka haraka kwa sababu nilisikia wali unaungua. Hapo ndipo dunia ilipogeuka. Niliona benchi linakuja, sikuona mimi ndiye ninayelifuata.

Nilipofumbua macho wewe ulikuwa umenishika kidevu, unaninywesha togwa. Damu inatoka kwenye paji la uso, watu wanapiga kelele, na wewe umetulia, unasema, "Mama, kunywa, sukari imeshuka, kunywa." Nikanywa. Nilikuamini, kwa sababu hayo maneno ni ya kwangu mimi. Ningekuwa na nguvu ningejinywesha mwenyewe.

Kilichotokea hospitali unakijua, lakini nitakisema, maana nataka kukisema kwa mdomo wangu. Yule daktari mwanamke alinitoboa kidole, akaweka damu kwenye mashine, na mashine haikutoa namba. Ilitoa neno. Nikadhani imeharibika. Akasema, "Mama, haijaharibika. Sukari yako imepita pale mashine inapoweza kuhesabu." Nikakutazama wewe. Sura yako sitaisahau, Agnes. Ulikuwa bado umeshika chupa ya togwa uliyotoka nayo nyumbani.

Wakanitundikia dripu, wakanilaza. Kesho yake akaja tena, akanipima presha nikiwa nimelala, akaniambia simama, akapima tena. Ilikuwa imeshuka vibaya sana, na kichwa kikaanza kuzunguka palepale, mbele yake. Akauliza, "Nyumbani hii inakupata lini zaidi?" Nikasema inanipata ovyo ovyo, haina saa. Akasema fikiri. Nikafikiri. Inanipata nikiinuka kitandani. Inanipata kanisani tukitoka kupiga magoti. Inanipata nikisalimia wazee. Miaka yote hiyo, mwanangu, na sikuwahi kuyaweka hayo matatu pamoja.

Halafu ikaja ile ya miguu. Wewe ulikuwa umetoka kwenda kuchukua uji, na nashukuru ulichelewa. Alichukua kitu kama uzi mgumu, akaniambia nifumbe macho, niseme "ndiyo" kila nikisikia amenigusa nyayo. Nikafumba, nikangoja. Nikangoja sana, mpaka nikasema, "Daktari, mbona huanzi?" Akasema, "Nimemaliza."

Nilicheka. Nilidhani ananitania. Nikafungua macho nikamkuta ameinama, anatazama kisigino changu cha kushoto, hacheki. Akaita nesi, wakaleta kikoleo kidogo, akavuta kitu, akakiweka kwenye kiganja changu. Pini. Pini ya kushonea, ya kwangu mwenyewe, yenye kichwa cha bluu. Imezama yote. Pembeni nyama ilishaanza kuwa nyeusi. Nikamwambia, "Huo si mguu wangu." Nilisema hivyo kweli, na si mzaha. Mtu aliyezaliwa na miguu yake, anayeendesha cherehani kwa miguu hiyohiyo, anakataa mguu wake hospitalini kwa sababu umetolewa pini na hakusikia hata kuwasha. Ile ya mashine ilinitisha, lakini hii ilinimaliza.

Akanisimamisha katikati ya chumba, miguu pamoja. Nikasimama vizuri tu. Akasema fumba macho. Nikafumba, na nikaanza kuanguka. Sikuhisi kizunguzungu, kichwa kilikuwa kizima kabisa. Nilianguka tu, akanidaka. Akanieleza polepole kwamba sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na mguu ukishakufa ganzi hauwezi kukuambia ardhi iko wapi, kwa hiyo ni macho yanayokusimamisha. Ukiyafumba, huna kinachokushika. Akasema pia nikapimwe macho yenyewe, na masikio nisiyasahau, maana ndani ya sikio kuna kitu kinachotuweka wima. "Kizunguzungu si ugonjwa mmoja, mama," akasema. "Ni kilio. Kila mtoto analia, lakini hawalilii kitu kimoja." Mimi nimelea, nilimwelewa.

Sasa nimekaa hapa siku kadhaa narudisha mambo nyuma. Unakumbuka nilivyoligombeza cherehani? Mishono inakwenda upande, nikamwita fundi alitie mafuta, nikamwita tena, nikamwambia hajui kazi. Kumbe nilikuwa natazama chini kila mara kuona kama mguu uko kwenye pedeli, na sikujiuliza kwa nini natazama. Unakumbuka nikioga, nikijipaka sabuni usoni nagonga ukuta, mnanisikia nalaani sabuni? Umeme ukikatika mnakimbilia kuwasha mshumaa na mimi nimeshika kabati, nasema nimeshtuka. Sikushtuka. Nilikuwa siioni sakafu, na miguu yangu haikuwa na habari nayo. Yote yalikuwa mbele yangu na yote nikayaita jina moja, sukari imeshuka, leteni togwa.

Na hilo jina nilipewa kihalali, ndiyo maana linaniuma. Ulikuwa kidato cha pili. Ilikuwa Kwaresima, Ijumaa, na mimi nimefunga tangu alfajiri huku nimemeza dawa ya kushusha sukari kama kawaida. Hakuna aliyenituma. Nilitaka kuwa mwanamke anayefunga. Kwenye Njia ya Msalaba nikaanza kutetemeka, jasho la baridi, maneno yanakataa kutoka, nikaanguka kati ya kituo na kituo. Akina mama wakadhani nimeguswa na mateso ya Bwana. Wengine walinionea wivu. Wewe ndiye uliyekimbia nyumbani ukarudi na togwa, ukaninywesha, nikaamka muda si mrefu. Siku ile uliniokoa, Agnes. Sukari ilikuwa imeshuka kweli, na nesi wa zahanati akasema umefanya sawasawa, ila tukumbuke kupima kila ikitokea.

Tukapima siku za mwanzo. Vijiti vya mashine vikaisha, tukasema tutanunua, tukazoea kukaa bila. Togwa haikuisha. Nyumba gani ya hapa Songea haina togwa? Na nikajitengenezea maneno yangu, nikakufundisha, nikawafundisha na wenzangu wa kliniki: soda mbaya, chai ya sukari mbaya, lakini togwa haina neno kwa sababu haikutiwa sukari. Ni mahindi na kimea cha ulezi, chakula chetu. Inarudisha nguvu. Wote tuliitikia kwa vichwa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, mimi wa kwanza, kama haina sukari, ile siku ya Kwaresima iliniamshaje. Na utamu ule unatoka wapi? Daktari alinieleza kwa sentensi moja kwamba kimea ndicho kinachougeuza unga kuwa sukari. Nilitamani kujifunika shuka.

Kwa hiyo angalia nilivyokuwa nazunguka. Nainuka haraka, kichwa kinazunguka. Nakunywa togwa. Sukari inapanda, nakojoa sana, maji mwilini yanapungua, na juu yake nina vidonge vya presha. Nikiinuka tena, presha inaanguka zaidi. Nakunywa togwa nyingine. Na huku chini miguu inakufa kidogo kidogo. Niliuweka ugonjwa wangu karibu na jiko nikaulisha kwa mikono miwili, tena nikiushukuru.

Sasa tuje kwako. Juzi ulimwaga sufuria nzima nyuma ya nyumba, nilikuona kupitia dirishani. Halafu ukaingia, ukafungua begi, ukasema, "Siendi, Mama. Mimi ndiye niliyekuwa nakunywesha." Mimi nikarudi kwenye cherehani, na wewe ukadhani nimekubali. Sijakubali. Ulininywesha kwa sababu nilikufundisha, na nilikufundisha kwa sababu mara ya kwanza ilikuwa kweli. Kosa letu halikuwa bilauri. Kosa lilikuwa kwamba tulipata jibu moja zuri tukaacha kuuliza. Na hata daktari nilimuuliza, nilimuuliza kwa ajili yako, nikasema, binti yangu alikosea kuninywesha? Akasema mtu wa kisukari akitetemeka na kutoka jasho, na kipimo hakipo, anapewa kitu kitamu bila kungoja, maana sukari ikishuka haina subira. Ila awe anaweza kumeza, kisha akapimwe. Basi hukufanya jambo la kijinga. Ulifanya jambo la siku nyingine.

Ukibaki hapa utafanya nini? Utanitazama. Utanitazama nikienda chooni, nikishona, nikilala, na mimi nitakutazama ukinitazama, mpaka tuchukiane. Jumatatu usiporipoti nafasi yako atapewa mtu mwingine, na kila nitakapoyumba nitakumbuka kwamba nilimwangusha mtoto wangu pia. Hilo sitaliweza. Salome anahamia hapa kesho, ameshaleta godoro na kelele zake. Vijiti vya kupimia tumenunua, viko kwenye kopo la vifungo. Dawa ya presha daktari ameipanga upya. Nilitaka kuiacha, akanikatalia, akasema tusigeuze dawa kwa akili zetu tena. Kisigino kinasafishwa kila siku. Navaa viatu hata ndani ya nyumba, na nikivua Salome ananikagua nyayo kama anachagua mchele. Nikiamka nakaa kwanza kitandani, nanyoosha miguu, nangoja, ndipo nasimama. Ni mambo ya kizee, lakini sijaanguka.

Na kuna la Babu yako ambalo hukulikuta, maana ulikuwa sokoni. Alikuja Alhamisi kunijulia hali. Nilimwona anaingia uani, nikashika kiti kwa mikono miwili. Tangu nimeolewa na marehemu baba yako sijawahi kumsalimia mzee yule nikiwa nimekaa. Sifa yangu yote kwa wakwe ilikuwa hiyo, kwamba mwanamke wa Mshangano ana magoti. Hata nilipoanza kuinuka huku nimeshika ukuta sikuacha, kwa sababu nilipenda kusifiwa. Nikajikaza. Nikabaki kwenye kiti, nikasema, "Shikamoo, baba. Nisamehe, daktari amenikataza kupiga magoti, nikiinuka ninaanguka."

Alisimama tu na fimbo yake, mdomo wazi. Nikasema leo ndiyo leo. Halafu akavuta kiti kingine akakaa mbele yangu, karibu, akasema, "Marahaba. Ina maana ile Jumapili ni mimi niliyekuangusha kwa maswali?" Nikamwambia hapana, ni mambo mengi. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Alishtuka yule mzee, Agnes, alishtuka kuliko mimi na pini yangu. Kisha akasema, "Nilikuwa nakuona unaushika ukuta. Nikadhani ni madaha." Nikacheka, na yeye akacheka kidogo. Akanitazama tena, akasema, "Miaka yote hii nimezoea kuuona utosi wako, mkwe. Kumbe una uso wa mama yako." Sikujua kama aliwahi hata kumtazama mama yangu.

Nimelibeba neno lile. Nilidhani heshima iko kwenye magoti, na pengine ipo, sitakudanganya, mimi bado naona aibu kukaa kwenye kiti mzee akiwa amesimama. Lakini Babu yako alikuwa tayari kunisikiliza siku zote. Mimi ndiye sikuwahi kumwambia, nikapendelea kuanguka kwa adabu. Huko uendako utakuta watu wana salamu zao na kawaida zao, wengi ni Waislamu, utawakuta Ramadhani wanafunga, na utataka wakupende. Fuata yao, ni vizuri. Ila mwili wako ukikuambia kitu, usiufiche ili usifiwe. Na usiwe kama mimi, nilivyomwambia daktari inanipata ovyo ovyo. Haikuwa ovyo. Jiulize ulikuwa unafanya nini kabla, umekula nini, umemeza nini. Kapime sukari mara moja moja, maana mimi ninayo na wewe ni damu yangu. Si kwamba nakutisha. Mimi ndiye niliyetishika.

Nasikia sauti ya Salome barabarani, mnarudi. Namalizia.

Kesho asubuhi bajaji ikija, najua utakavyotaka kufanya. Utataka kupiga magoti pale mlangoni nikubariki, na mimi nitataka kukuinamia nikushike kichwa na kufumba macho, kama bibi yako alivyonifanyia mimi. Usinipigie magoti kesho. Nikiinama nitaanguka, na nikifumba macho nitaanguka, na ukiniona nimeanguka hutaondoka. Tuagane tumesimama. Nipe mikono yako miwili, nitakubariki nikikutazama usoni. Nikilia nitalia hivyohivyo, macho wazi, usijali yakiwa mekundu.

Kisha uniachie polepole, mkono mmoja kwanza, halafu wa pili. Panda bajaji. Mkifika pale kwenye kona ya mashine ya kusaga, geuka uangalie nyuma. Utanikuta nimesimama.

Mama yako